Ua Ndani ya Ua: Maua na Ndege wa Uani Katika Historia ya Picha

Mara nyingi tukitaja historia ya Tanga, twataja bandari, reli, mkonge, na vita vya Novemba 1914. Leo hatutakwenda bandarini wala stesheni. Tutapita ukumbini, tufungue mlango wa nyuma, tuingie uani.

Kiswahili chetu kina neno moja lenye maana mbili. Twasema "ua hili" kwa lile linalochanua mtini, na "ua huu" kwa uwanja wa nyuma ya nyumba uliozungushiwa makuti, mabati au matofali, penye jiko, mtungi wa maji na kamba ya nguo. Somo la leo ni juu ya ua lililo ndani ya ua, na juu ya ndege wanaolijia. Nasi tutauliza swali moja la historia: ni nani walioviandika vitu hivyo hapo zamani, na kwa nini sasa yafaa uviandike wewe mwenyewe, kwa picha?

Picha ni hati

Mwanahistoria hufanya kazi kwa hati. Hati ni kitu chochote kinachoshuhudia mambo yaliyopita: barua, jiwe la kaburi lenye maandishi, sarafu, hata kigae cha chungu. Picha nayo ni hati, lakini kwa masharti matatu. Ijulikane ni picha ya nini, ilipigwa wapi, na ilipigwa lini. Picha nzuri ya ndege isiyo na mahali wala tarehe ni pambo la ukutani. Picha hiyohiyo ikiandikwa "Chozi dume kwenye ua la mkomamanga, uani, Ngamiani, Tanga, 12 Machi 2025, saa moja na nusu asubuhi", yageuka kuwa ushahidi.

Pengine utauliza, ushahidi wa nini? Fikiri juu ya mwembe wa uani kwako. Mzee mmoja asema zamani ulichanua mapema kuliko sasa, mwingine akataa. Hakuna wa kuamua, maana wote wawili wategemea kumbukumbu. Lakini kama mtu angaliupiga picha mwembe huo kila ulipotoa maua ya kwanza, akaandika tarehe, kwa muda wa miaka 10, ubishi ungalikwisha. Picha moja peke yake ni neno moja. Picha za miaka 10 za mti mmoja ni kitabu.

Picha zilianza na majani

Watu wengi hudhani kwamba picha za kwanza duniani zilikuwa za wafalme na majumba. Kumbe majani na maua yalikuwamo tangu mwanzo. Katika Januari 1839, Mwingereza William Henry Fox Talbot alionyesha watu mjini London kazi aliyokuwa akiijaribu kwa miaka kadhaa. Aliweka jani au ua juu ya karatasi iliyopakwa dawa yenye chumvi za fedha, akaiweka juani. Pale palipofunikwa na jani pakabaki peupe, na pengine pote pakawa peusi. Miaka 4 baadaye, katika 1843, bibi mmoja wa Uingereza, Anna Atkins, alianza kutoa kitabu cha mimea ya baharini, yaani mwani, kilichotiwa picha za namna hiyo, nyeupe juu ya karatasi ya buluu. Kwa hiyo yeyote anayepiga picha ya ua leo anaendeleza kazi ya kwanza kabisa ya ufundi huu.

Lakini ufundi ule wa kwanza ulikuwa na kasoro mbili zilizowahusu sana watu wa maua na ndege. Kasoro ya kwanza ilikuwa ya rangi. Dawa ya picha ya zamani iliona vizuri mwanga wa buluu na zambarau, lakini nyekundu haikuiona karibu kabisa. Ua la rangi ya zambarau lilitoka jeupe, na ua jekundu likatoka jeusi kama masizi. Katika 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba dawa ikichanganywa na rangi fulani yaweza kuona rangi nyingine pia. Ndugu wawili Wafaransa, Lumière, walianza kuuza vioo vya picha za rangi katika 1907, na filamu ya rangi iliyoitwa Kodachrome ilitoka katika 1935.

Kasoro ya pili ilikuwa ya mwendo. Ua hukaa kimya, lakini ndege hakai. Picha za kwanza zilitaka dakika nzima au zaidi za mwanga, na ndege akitikisa kichwa tu huwa ukungu. Ndiyo sababu wapiga picha wa kwanza wa ndege walianza na viota. Katika 1892 ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai, na katika 1895 wakatoa kitabu kizima cha viota vya ndege wa kwao chenye picha halisi mahali pa michoro. Kisha wakajificha kwa hila nyingi, hata ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa na kusimamishwa malishoni, ili ndege wasiwaogope.

Huku kwetu, Mjerumani Carl Georg Schillings alisafiri mwanzoni mwa karne ya 20 katika nchi za mto Pangani na nyika ya Wamasai. Alichukua kamera nzito, vioo vya picha na unga wa magnesi unaowaka kwa ghafula kama radi. Mnyama aliyepita usiku aliugusa uzi, unga ukawaka, na picha ikapigwa. Kitabu chake kilitoka Leipzig katika 1905 na kikasomwa sana Ulaya. Basi mto wetu uliingia mapema katika historia ya picha za wanyama wa porini. Lakini tazama vizuri: picha zile ni za simba, fisi, pundamilia na wanyama wengine wa nyika. Mpiga picha alitoka mbali kutafuta ya mbali. Chozi wa uani hakuwa na habari kwake.

Ua letu lililokwenda ng'ambo

Sasa tulitazame ua moja ambalo kisa chake chaeleza mengi. Katika misitu ya Usambara, na katika nyufa za mawe ya chokaa karibu na mji wa Tanga, huota mmea mdogo wa kivulini. Majani yake ni mazito yenye vinyweleo laini, na maua yake ni ya zambarau yenye kitovu cha manjano. Wenyeji wa milimani waliuona siku zote. Mwingereza John Kirk, aliyekuwa balozi Unguja na mjuzi wa mimea, aliupeleka Kew, Uingereza, katika 1884. Mmisionari W. E. Taylor, aliyekijua sana Kiswahili, naye alipeleka wake katika 1887. Lakini mimea ile iliyokaushwa haikutosha kuwawezesha wataalamu kuandika habari zake sawasawa.

Kisha akaja Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa Tanga, mtu aliyekwisha kuchapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili mjini Berlin katika 1890. Katika 1892 alimpelekea baba yake Ujerumani mmea huu. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Wendland aliuona ukichanua mbele ya macho yake, na katika 1893 akautangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni jina la mkuu wa wilaya na baba yake. La pili lina maana ya "wenye maua kama urujuani". Siku hizi wataalamu wameuhamishia katika jamii nyingine, wakauita Streptocarpus ionanthus. Hivyo jina la mkuu wa wilaya limetoka katika jina la kitaalamu la mmea huu, ingawa wakuzaji wa maua bado wanalitumia.

Biashara nayo haikuchelewa. Mbegu ziliuzwa Ujerumani na Uingereza. Katika 1926 wakuzaji wa maua wa Los Angeles, Armacost na Royston, waliagiza mbegu kutoka nchi hizo mbili, wakachagua mimea 10 iliyo bora, na kutokana na hiyo zikazaliwa aina nyingi zilizojaa madirishani mwa Marekani. Wapenzi wa ua hili walianzisha chama chao huko katika 1946. Leo ni miongoni mwa maua ya ndani ya nyumba yanayojulikana zaidi duniani, nalo hupigwa picha kila siku katika nchi zenye theluji. Lakini huku kwao, misitu lilimoota imepungua kwa kukatwa, na aina za porini zi hatarini. Watoto wangapi wa Tanga waweza kulitambua wakilikuta kwenye jiwe? Hili ndilo jambo la kwanza la kushika: kitu chaweza kuwa mashuhuri ulimwenguni na kikawa mgeni kwa mwenyeji wake, kwa sababu aliyekiandika ni mwingine, na alikiandikia mahali pengine.

Tukumbuke pia kwamba mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf alileta mkonge. Vichipukizi 1,000 vilitoka Florida, na 62 tu ndivyo vilivyofika Tanga vikiwa hai. Mmea mmoja ukatoka na mwingine ukaingia. Ule ulioingia ulikuwa na bei, nao ukapigwa picha kwa wingi: mashamba, viwanda, wakataji na reli. Mkusanyo wa picha za makoloni ulioko Frankfurt, Ujerumani, una maelfu mengi ya picha, na Afrika Mashariki imo. Kitu chenye bei hupata mpiga picha. Ua la uani halikuwa na bei.

Amani, na watu waliowajua ndege

Tupande sasa mlimani hadi Amani, Usambara ya Mashariki. Wajerumani waliweka kituo cha utafiti wa mimea na kilimo hapo katika 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakakiendeleza. Katika 1928 alifika hapo Reginald Moreau, Mwingereza aliyekuwa karani wa hesabu huko Misri. Hakuja kwa ajili ya ndege, lakini ndege wa pale walimshika. Akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa Afrika, na kazi hiyo aliifanya pamoja na mkewe, Winifred. Katika 1931 alitangazwa ndege mdogo wa kijivu kutoka Usambara, mwenye mdomo mrefu, wa jamii ya washonaji wa majani, naye akapewa jina la Moreau. Ndege huyo yupo mpaka leo katika mianya na pembe za msitu penye mitambaazi, naye ni miongoni mwa ndege wa kuangaliwa sana wasitoweke.

Moreau hakufanya kazi hiyo peke yake. Mwenyeji mmoja, Salimu Asmani, alikuwa msaidizi wake mkubwa katika kuwatafuta na kuwakusanya ndege, hapo Amani na katika milima mingine. Mwanahistoria wa Marekani, Nancy Jacobs, aliandika habari zake katika 2006, na hivyo jina lake limetolewa gizani. Wenyeji wengine waliketi karibu na viota kwa saa nyingi, wakihesabu mara ngapi mzazi alileta chakula. Kutokana na hesabu za namna hiyo Moreau aliandika mambo ambayo wataalamu wa ulimwengu wanayataja mpaka sasa. Katika 1944 alichapisha habari za idadi ya mayai, akilinganisha ndege wa Afrika na wa nchi za baridi, akaonyesha kwamba ndege wa nchi zetu za joto kwa kawaida hutaga mayai machache zaidi. Elimu hiyo kubwa ilitokana na kazi ndogo: kuketi, kutazama, kuhesabu na kuandika.

Siku zile ndege alipigwa risasi, akachunwa, akajazwa pamba, akafungwa kibandiko mguuni. Kibandiko kilisema jina, mahali, tarehe na aliyempata. Ndege asiye na kibandiko hakuwa na thamani kwa mtaalamu, hata akiwa na manyoya mazuri namna gani. Shika hilo. Leo picha imechukua nafasi ya risasi kwa sehemu kubwa, na ndege hubaki hai. Lakini kibandiko hakijachukuliwa nafasi na kitu chochote. Kiandike.

Uani hapakuingia mtu

Kwa nini basi mabaraza na mitaa ya pwani ina picha nyingi za zamani, na nyua zina chache? Sababu ni heshima ya nyumba. Mgeni aliketi barazani. Uani ni mahali pa wenyewe, na hasa pa wanawake, pa kupikia, kusuka ukili, kulea watoto na kukaa bila baibui. Mwanamume mgeni mwenye kamera hakukaribishwa huko, na ilikuwa haki. Lakini ndiko walikokuwa maua yetu: mjasmini, mlangilangi, mkilua, mrehani wa kwenye kopo, waridi la kutilia marashi. Wanawake waliojua ni saa ngapi kilua hunukia na ni mwezi gani asumini hujaa mti hawakuulizwa, nao hawakuwa na kamera.

Na maua hayo yenyewe ni historia. Mlangilangi na mwarobaini asili yake ni Asia, mpapai ni wa Amerika. Vyombo vilivyokwenda na kusi na kurudi na kaskazi vilileta watu, nguo, na miche pia. Anayepiga picha ya kila mti wa uani kwake na kuandika mbegu ilitoka wapi, "aliileta bibi kutoka Pemba", anaandika historia ya Bahari ya Hindi bila kutoka nyumbani.

Sasa tazama hasara iliyoletwa na kutoandika. Katika miaka ya 1890 kunguru wa Bara Hindi, yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Unguja ili ale takataka za mji. Alizaana, akavuka bahari, akaenea katika miji ya pwani. Mombasa alionekana katika 1947. Hapa Tanga leo hakuna mtoto asiyemjua. Kunguru huyu hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na hata kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, amesukumwa kutoka mijini. Katika 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru hao hadi milioni 1.

Wazee husema kwamba zamani mnana walijaa minazini, na shore na kurumbiza waliamsha watu alfajiri. Yawezekana sana. Lakini ukitaka kujua katika mtaa fulani walikuwapo ndege gani kabla ya kunguru, na walipungua katika mwaka gani, utatafuta hati na hutaipata, kwa kuwa uani hapakuingia mwandishi. Ndege akitoweka bila hati hutoweka mara mbili: mara moja mtini, na mara ya pili katika fikira za watu. Mtoto aliyezaliwa baada yake hajui kwamba kuna aliyekosekana.

Zamu yako

Kamera ilikuwa kitu cha tajiri na serikali. Kodak ya 1888 iliirahisisha kazi, na Brownie ya 1900 iliuzwa kwa dola 1 huko Marekani. Kwetu, watu wengi waliendelea kupigwa picha studioni tu, siku ya Idi au ya harusi. Leo simu ya mkononi yenye kamera imo katika nyumba nyingi za Tanga, Muheza na Pangani. Na mwenye kuishika uani ni mwenye uani mwenyewe. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu, mlango ule uliokuwa umefungwa, kwa haki, mbele ya mgeni, una mpiga picha upande wa ndani.

Basi fuata mashauri haya machache.

Kwanza, mwanga. Piga picha tangu jua lichomozapo mpaka saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi alasiri. Jua la mchana la pwani hulifanya ua jeupe lisionekane mistari yake. Ukilazimika kupiga mchana, mtu ashike shuka nyeupe juu ya ua, mwanga utapoa.

Pili, ua lenyewe. Ondoa ndoo na nguo zilizo nyuma yake, au ulitazame kwa upande ambao nyuma yake pana giza la mlango wa jiko. Upepo ukitikisa kikonyo, kifunge kwa uzi kwenye kijiti. Piga picha tatu: ua kwa karibu, jani lake, na mti mzima. Kirk na Taylor walipeleka mimea isiyotosha. Wewe peleka inayotosha.

Tatu, ndege. Usimfukuze. Weka maji katika kigae kipana, juu ya kiti au tofali ili paka asifike kwa urahisi, karibu na kichaka ambamo ndege aweza kukimbilia. Badili maji kila siku. Kwa siku tatu nne usipige picha, waache wazoee. Kisha iegemeze simu kwenye jiwe karibu na kigae, iwashe ichukue filamu, uende zako jikoni. Baadaye utachagua picha iliyo bora. Chozi hupenda maua yenye asali ndani. Ukiketi kimya karibu na maua hayo asubuhi, atakuja mwenyewe.

Nne, kiota. Usikate matawi ili kiota kionekane. Tawi ulilokata lilikuwa paa na mlango wake. Kunguru na mwewe wanakutazama unakokwenda. Tazama kwa mbali, hesabu, andika, ondoka.

Tano, adabu. Uani kwa jirani piga hodi. Hakikisha hakuna mtu katika picha asiyependa kuonekana. Ua ni lako, lakini ua wa nyumba una wenyewe.

Sita, kibandiko. Nunua daftari. Kila picha iandikwe jina, mahali, tarehe, saa, na jina la aliyeipiga. Jina andika lile ulijualo, liwe la Kiswahili, Kidigo, Kibondei, Kisegeju au Kisambaa; la kitaalamu laweza kutafutwa baadaye. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea wa Amani, alipotunga kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, iliyochapishwa Dar es Salaam, hakuyabuni majina hayo. Aliyapata kwa watu. Muulize bibi na babu leo, maana jina nalo hutoweka kama ndege.

Saba, hifadhi. Simu huanguka majini, huibwa, hufa. Picha za Wajerumani zimedumu kwa kuwa zilitunzwa na kupangwa kwa utaratibu. Kila mwaka chagua picha 12, moja ya kila mwezi, uzichapishe, uandike nyuma kwa penseli, na nakala uipe shule au maktaba iliyo karibu nawe.

Ndugu msomaji, hakuna anayetaka uwe Moreau. Unatakiwa uwe shahidi wa mahali pamoja unapopajua kuliko mtu yeyote duniani. Hakuna profesa wa Hannover wala wa London atakayejua uani kwako kama wewe ujuavyo. Yeye ana vitabu. Wewe una miaka 20 ya kuutazama mti mmoja. Kitu pekee kilichokosekana ni kuandika.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini mmea wa Usambara haukutangazwa katika 1884 wala 1887, ila katika 1893?
2. Taja tofauti kati ya picha iliyo pambo na picha iliyo hati.
3. Ni kwa sababu gani nyua za pwani zina picha chache za zamani? Je, sababu hiyo ilikuwa mbaya?
4. Muulize mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 akutajie ndege 5 aliowaona uani utotoni mwake. Wangapi bado waja?
5. Kazi ya mwezi huu: kila mwanafunzi alete picha moja ya ua na moja ya ndege kutoka uani kwake, zote mbili zikiwa na vibandiko kamili. Picha isiyo na kibandiko itarudishwa.